Mgunga, Sisimizi na Zamu ya Nyuki

Mmea unaojikinga na walao majani una tatizo lake: silaha haichagui wa kumpiga. Sumu ikifika kwenye mbochi, humpata nyuki kama inavyompata kiwavi. Na ulinzi ukiwa mikononi mwa wadudu wang'ataji, uchavushaji wote unaweza kukwama.

Mgunga uitwao kitaalamu Acacia zanzibarica, unaoota Mkomazi, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, uko katika hali hiyo. Baadhi ya miiba yake imevimba, ndani ni mitupu, na humo sisimizi wamepanga. Kodi yao ni ulinzi. Tikisa tawi uone: wanamiminika kutoka miibani na kuuma chochote, uwe ulimi wa swala au kidole chako. Sasa nyuki atatua vipi?

Pat Willmer na Graham Stone walichapisha jibu mwaka 1997 katika jarida la Nature. Ua likiwa bado tumba, sisimizi hulipitia wakati wowote. Likifunguka na kuanza kutoa chavua, hawalisogelei, kwani ua changa lina kemikali inayowafukuza. Hapo ndipo nyuki hupata nafasi ya kutua na kuhamisha chavua kutoka ua hadi ua. Kipindi hicho kikipita, sisimizi hurudi, na safari hii wanalinda mbegu zinazoanza kutunga. Utamu wa utafiti, kwangu mimi, uko kwenye mavuno: mgunga wenye sisimizi hutoa mbegu nyingi kuliko usio nao. Ungedhani kinyume chake.

Si kila mpangaji ana adabu hiyo, lakini. Huko Laikipia, Kenya, mgunga wa jamii nyingine, Acacia drepanolobium, hukaliwa na aina nne za sisimizi wanaonyang'anyana miti. Aina mojawapo, Crematogaster nigriceps, ni mkali kwa wala majani, ila hushindwa vita na baadhi ya wenzake. Kwa hiyo hukata vichipukizi vya pembeni ili matawi yasigusane na mti wa jirani, adui akapata daraja. Vichipukizi hivyo ndivyo ambavyo vingetoa maua. Mti unabaki na majani yake, hauna cha kumpa nyuki. Ahueni ni kwamba mgunga huishi miaka mingi, na katika umri huo wapangaji hubadilika. Wakija wasiokata vichipukizi, unaweza kuchanua tena.