Kwa nini risiti ya mizani hukatika?

Umepeleka maziwa kituoni, yamepimwa, lakini risiti imetoka bila mistari ya mwisho, ile yenye uzito na bei. Huenda karatasi haina kosa.

Herufi huenda kwenye printa moja moja kupitia waya. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde hupita herufi 960 hivi, na kompyuta huzitoa haraka kuliko hapo. Katikati kuna draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, yenye hifadhi ndogo ya kusubirishia herufi iitwayo bafa. Ni kama pale pa kumiminia mahindi kwenye mashine ya kusaga: pakijaa, ukizidi kumimina yatamwagika.

Draiva nzuri haimwagi. Katika mfumo wa Linux hujibu, kwa mfano, "nimepokea 300 kati ya 500", kisha nafasi ikipatikana huiamsha programu itume 200 zilizobaki. Kwa maoni yetu, kosa baya zaidi ni la programu isiyosoma jibu hilo. Huamini zote zimefika, ikaendelea na mteja mwingine.

Risiti yako ikikatika, omba uzito uandikwe kwa mkono na utiwe sahihi kabla hujaondoka.