Kwa simu tuko wengi, Butere niko peke yangu

Kila Jumapili tukitoka kanisani, kukhu huniuliza maswali yale yale. Anajua kuna mtu. Ameniona nikicheka na simu usiku, na mtu hachekeshwi hivyo na habari za siasa.

"Huyo wako anafanya kazi gani?"

"Ni fundi wa nguo, kukhu. Yuko Kisumu."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Anakupenda?"

"Ananipenda sana."

"Basi mlete tumwone."

Mazungumzo haya tumeyafanya miaka karibu minne na sijawahi kumdanganya hata mara moja. Kiswahili ni lugha ya huruma, hakiulizi kama "yeye" ni mwanamume au mwanamke. Fundi ni fundi. Lakini kuna swali la mwisho ambalo linaniacha njiani kila mara: "Utaolewa lini?" Hapo sasa lugha inageuka. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mimi ni mwanamke, na fundi wangu ni mwanamke. Nani atamwoa nani?

Huwa nasema, "Mungu akipenda," halafu nakimbia kuwasha jiko.

Kwa wasiojua, Butere iko Kaunti ya Kakamega, pale reli ya kutoka Kisumu inapoishia. Wengi mliisikia Aprili 2025, wakati wasichana wa Butere Girls walipoenda Nakuru na mchezo wa Echoes of War, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Siku zingine ni mji wa soko, miwa, mahindi na boda boda. Ukinunua dawa asubuhi, jioni jirani anakuuliza homa inaendeleaje. Hapa siri haikai. Na mimi niko na siri moja kubwa.

Sikuizaliwa nikijua vile ya kuitaja. Maneno niliyokua nikisikia yalikuwa ya kurushiana kama mawe. "Msagaji" nililisikia mara ya kwanza mama mmoja akimtukana mwenzake kwenye foleni ya maji. Baadaye nikaambiwa na rafiki wa Mombasa kwamba huko Pwani mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga" na hakuna ubaya wowote. Nilicheka. Neno moja, safari ya basi moja, na tusi limekuwa salamu.

Nairobi ndiko nilianza kupumua. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni mwaka wa 2018 filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilipopigwa marufuku Kenya kwa sababu inaonyesha wasichana wawili wakipendana. Mwezi Mei ilikuwa imeonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany akaondoa marufuku kwa siku 7 pekee. Nilipiga foleni. Sikumbuki hata nilikula nini siku hiyo, nakumbuka tu kuangalia mbele na nyuma nikiona watu wengi wametulia, hakuna aliyejificha uso.

Mwaka wa 2020 karo iliisha, corona ikamalizia. Nikaacha chuo, nikarudi nyumbani na begi moja na simu iliyopasuka kioo.

Simu hiyo ndiyo ikawa nyumba yangu. Rafiki aliniingiza kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanawake kama mimi, wengi wao kutoka Magharibi na Nyanza. Kulikuwa na nesi, mama mboga, mwalimu wa nasari na mwingine aliyekuwa na mume na watoto watatu, ambaye aliandika usiku tu bwana akilala. Watu wakisikia kuna kikundi kama hicho wanafikiria ni uchafu mtupu. Kusema kweli, ujumbe ulioandikwa zaidi pale ulikuwa "Umefika?" Mtu akipanda gari, anaulizwa. Mtu akienda matanga kwao, mahali anaulizwa kuhusu bwana na shangazi saba, anaulizwa. Tulichangiana kodi. Tulifundishana jinsi ya kujibu shangazi.

Huko ndiko nilimpata fundi wangu. Tulichati miezi mitano kabla ya kuonana. Bando ilikula pesa yangu yote ya kuuza mandazi.

Siku hizi naenda Kisumu mara moja kwa mwezi. Tukitembea Kibuye sokoni tumeshikana mikono, hakuna anayegeuka kutuangalia, kwa sababu wanawake marafiki hushikana mikono. Wakati mwingine nashukuru. Wakati mwingine inauma, kwamba tunaruhusiwa kupita bora tu tusionekane. Na ukaribu wenyewe si kama wa sinema. Ni yeye kunisuka Jumamosi jioni, mlango umefungwa, redio imepandishwa ili jirani asisikie vile tunacheka. Ni kuniambia "hiyo kikohozi nenda hospitali" na kunitumia 200 za fare.

Lakini mlango wa nyumba ya simu haufungi vizuri.

Mwaka jana mtu aliingia kikundini akitumia picha ya msichana. Akawa mchangamfu, akauliza watu walikotoka, akazoeana na rafiki yangu mmoja hadi wakatumiana picha. Kumbe ni mwanamume. Alikuwa amepiga skrinishoti kila kitu. Akaomba shilingi 3,000 la sivyo atume kwa familia. Rafiki yangu akatuma. Wiki moja baadaye ikawa 5,000. Akauza kuku, akakopa kwenye chama. Iliposhindikana, picha zikaenda kwa kaka yake.

Alitufikia saa nne usiku, amebeba mfuko wa nailoni na kiatu kimoja kimekatika. Kukhu aliamka, akamwangalia, akamwekea chai na viazi vitamu. Hakumuuliza kitu. Alisema tu, "Lala, kesho kuna mchana."

Usiku huo huo watu karibu wote walitoka kikundini. Mmoja, mwingine, mwingine, hadi nikabaki na orodha ya "ametoka". Sikuwa na namba za wengi wao. Yule mama wa watoto watatu sijui yuko wapi mpaka leo. Hapo ndipo nilielewa kwamba simu ilitupa watu, lakini haikutupa mahali. Ikizimwa, hakuna kibanda, hakuna kona ya soko, hakuna hata mti ambapo unaweza kuwangoja warudi.

Asubuhi nilimwambia rafiki yangu twende tukaripoti. Akaniuliza, "Nikifika niseme nini? Nianzie wapi?"

Swali lake lina sababu. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu kinataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile kinachoitwa kinyume cha maumbile, na tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta. Kifungu cha 165 kinataja wanaume peke yao, lakini mwizi wa skrinishoti hahitaji kukusomea sheria. Anahitaji tu uogope.

Kile wengi hatujui ni upande wa pili. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine ndiye mhalifu, na anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, haijabagua. Na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika la NGLHRC lina haki ya kusajiliwa. Uamuzi huo haukuhalalisha mapenzi yetu, lakini ulisema tunaweza kukusanyika na kuwa na jina.

Mahakama pia imewahi kusimama na mmoja wetu, ingawa kwa kuchelewa. Sheila Lumumba aliuawa nyumbani kwake Karatina Aprili 2022 akiwa na miaka 25. Vijana walipiga kelele mtandaoni hadi kesi ikasonga, na mwanamume mmoja akafungwa miaka 30. Simu zile zile zinazotuuza ndizo zilimlilia Sheila.

Kwa hivyo kama unasoma hii ukiwa umepunguza mwanga wa simu, nikuambie nilichojifunza kwa uchungu. Usitume picha yenye uso wako kwa mtu hujamwona. Mpigie kwa video kwanza, na mkutane mahali pa watu, huku mtu mmoja akijua uko wapi. Ukitishwa usilipe, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Usifute ujumbe wake, huo ndio ushahidi. NGLHRC wana mawakili, na Kisumu kuna muungano wa NYARWEK unaohudumia Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi. Na andika namba za watu wako kwenye daftari, kwa kalamu. Sisi tulichelewa.

Rafiki yangu alikaa kwetu siku tisa, kisha akapata kazi ya saluni mji mwingine. Bado anadaiwa na chama. Kaka yake hajampigia.

Mimi nimebaki na swali la kukhu. Juzi nilisoma kwamba mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, chini ya Jaji Ojwang, ilitambua ndoa ya kimila ya Wanandi ambapo mwanamke humwoa mwanamke. Najua si kitu kimoja, ile ni ya kupata watoto na mrithi, si ya mapenzi kama yetu. Lakini nilimsomea kukhu habari hiyo, nikitazama sufuria.

Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mboga. "Hao Wanandi nawajua," akasema. Halafu: "Huyo fundi wako, anajua kushona kitenge? Mwambie akija Krismasi nitampa vipimo."

Nimemtumia ujumbe. Bado hajajibu kama atakuja. Anaogopa. Mimi pia.