Mgahawa wa Miaka ya 1950: Kweli au Si Kweli?

Mjini Downey, California, kuna McDonald's iliyofunguliwa mwaka 1953 na hadi leo inauza chakula chini ya matao yake mawili ya manjano. Majengo mengi ya rika lake yamebomolewa, na mengine yameharibiwa na watu waliodhani wanayatengeneza. Tupime wanayoyaamini.

"Jengo la juzi halistahili kuhifadhiwa."
Si kweli. McDonald's hiyo ilipofungwa mwaka 1994 ilikuwa na takriban miaka 40 tu, lakini shirika la National Trust liliiorodhesha miongoni mwa maeneo 11 ya kihistoria ya Marekani yaliyo hatarini zaidi. Watu walipaza sauti, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1996.

"Ukuta mchafu upigwe mchanga kwa kompresa."
Si kweli, tena ni hatari. Tofali la kuchoma lina ngozi ngumu. Ikichubuliwa, tofali hunywa maji na kumomonyoka. Paneli za chuma zenye enameli hupoteza mng'ao na kuingiwa na kutu. Anza na maji, sabuni isiyo kali na brashi laini, ukijaribu kwanza pembeni pasipoonekana.

"Taa ya neon ikizimika, weka LED."
Si lazima. Mara nyingi kilichokufa ni transfoma au waya, na mrija wa kioo ni mzima. Hata ukivunjika, fundi hukunja mwingine kwa moto na kuujaza gesi: neon kwa wekundu wa machungwa, agoni na zebaki kwa buluu.

"Rangi ya asili hupatikana hata bila picha."
Kweli. Mtaalamu huchagua mahali palipokingwa na jua, kama chini ya ukingo wa paa, akakwangua kwa kisu chembamba tabaka moja baada ya jingine. Ila asilikimbilie tabaka la chini kabisa: huenda ni praima tu.

"Likivunjwa, ndiyo basi."
Si kweli. Johnie's Broiler ya Downey, iliyojengwa mwaka 1958, ilibomolewa sehemu kubwa bila kibali Januari 2007. Ilijengwa upya, ikafunguliwa mwaka 2009 kama Bob's Big Boy Broiler. Hata hivyo, ukuta mpya ni nakala. Mwenye jengo na amwite fundi wa ukarabati kabla hajaita tingatinga.