Je, Wajua? Dozi moja huzuia arosto kutwa nzima

Mwaka 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni. Kwa kawaida mgonjwa hufika kliniki kila siku, hupewa dawa ya maji kwenye kikombe na kuinywa papo hapo mbele ya mhudumu. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, kisha arosto huanza: kutapika, kuhara, viungo kuuma, usingizi kupaa. Dozi sahihi ya methadoni huzuia hayo kwa takribani saa 24 bila kumlewesha aliyeizoea, naye hupata utulivu wa kufanya kazi na kuhudhuria ushauri nasaha. Akiikatisha ghafla, arosto hurudi. Ndiyo maana, wakati wa kuiacha ukifika, daktari huipunguza kidogo kidogo.