Namba ya NIDA Haijumlishwi

Chukulia kijana wa Lukuledi aliyejifunza JavaScript, sasa anaiandikia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima cha kijijini kwao, programu ya daftari la wakulima wa korosho. Anaingiza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya mfano: 19850314-00000-00000-25, bila vistari, na kuihifadhi kama namba ya kawaida. Programu inaipokea bila kulalamika, kisha inaionyesha hivi: 19850314000000000000. Ile 25 ya mwisho haipo. Akiingiza nyingine inayofanana nayo ila inaishia na 26, anaambiwa wakulima hao wawili ni mtu mmoja.

Kompyuta haijaharibika. JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, huweka namba zake za kawaida katika biti 64, ziwe kamili au zenye desimali. Biti moja hubeba alama ya chanya au hasi, 11 hubeba ukubwa, na 52 hubeba tarakimu zenyewe. Kwa mpango huo, namba kamili huaminika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Ukivuka hapo, nyingine hurukwa: andika 9007199254740993, urudishiwe inayoishia na 992. Kadiri namba inavyokua, pengo nalo hupanuka. Ni kama mizani ya ghalani iliyozoea magunia: ukiongeza korosho moja, mshale hautikisiki. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na kwa ukubwa huo pengo limeshafika 4,096.

Tangu toleo la mwaka 2020, lugha hii ina aina nyingine ya namba kamili, BigInt, isiyofungwa na kikomo hicho. Unaongeza tu herufi n mwishoni: 25n. Ila ina masharti yake. Ukijumlisha 5n na 2 unapewa kosa, maana aina hizo mbili hazichanganywi. 7n ikigawanywa kwa 2n jibu ni 3n, desimali hutupwa. JSON.stringify, inayogeuza data kuwa maandishi ya JSON, nayo huikataa. Mtego mkubwa zaidi ni kuandika BigInt(19850314000000000025) bila alama za nukuu: namba huharibika kabla BigInt haijaigusa. Andika BigInt("19850314000000000025").

Lakini je, namba ya NIDA inaihitaji BigInt? Hapana. Tarakimu zake nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Hakuna anayeijumlisha wala kuitafutia wastani. Ni kitambulisho, kwa hiyo ihifadhiwe kama maandishi, toka kwenye fomu hadi kwenye hifadhidata. Huko nako kuna mtego: namba kamili ya biti 64 isiyo na hasi hukomea 18,446,744,073,709,551,615, na namba ya NIDA ya mtu aliyezaliwa 1985 imeshaipita. Karani anayetumia Excel naye ajihadhari, maana Excel hushika tarakimu 15 tu, zilizobaki huzigeuza sifuri.

Na fedha za korosho? Tani 300,000 kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyotangazwa na serikali mwaka 2018, ni shilingi bilioni 990. Hata ukizihesabu kwa senti, unapata tarakimu 14, chini ya kikomo kwa zaidi ya mara 90. Namba ya kawaida inatosha. BigInt ni ya hesabu kubwa kweli, kama za usimbaji fiche, ambako ufunguo wa biti 2,048 una tarakimu zipatazo 617.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa programu: kisichojumlishwa kiwe maandishi, kinachojumlishwa kiwe namba, na kikivuka kikomo kiwe BigInt. Na ukikabidhiwa daftari la zamani ambalo namba zote za NIDA zinaishia na sifuri tatu au zaidi, usizikisie. Warudie wakulima na vitambulisho vyao mkononi, kwa sababu hakuna hesabu inayoweza kuzirudisha tarakimu zilizopotea.