Adabu ya Maneno Katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliingia Ujiji, akamkuta Daktari Livingstone aliyekuwa akimtafuta. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 asimulia kwamba alitamani kumkumbatia, lakini alimhesabu kuwa Mwingereza (ingawa hakika alikuwa Mskoti), na hakujua angelipokeaje jambo hilo mbele ya watu. Basi akavua kofia, akamwambia kwamba, kwa kudhani kwake, huyo ndiye Daktari Livingstone. Huko Uingereza kauli hiyo ilichekwa kwa miaka mingi, kwani ilikuwa rasmi kupita kiasi.

Lisilokumbukwa sana ni kwamba siku hiyo hiyo umati wa watu ulimlaki Stanley kwa “yambo, bwana”. Neno hilo lina habari nyingi zaidi kuliko kofia yake.

Leo mashua zitokazo Kongo hutia nanga Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma. Kwa abiria wake wengi “jambo” ni salamu kamili, nayo hupewa hata mzee. Si mbali na hapo, mtoto wa Ujiji akimwambia mzee “jambo” ataulizwa amelelewa na nani. Hapo hungojewa “shikamoo”, na mzee hujibu “marahaba”. Neno ni moja, ziwa ni moja, ila uzito wa neno haukuvuka maji.

Mwaka 1960 wataalamu wawili, Roger Brown na Albert Gilman, walieleza jinsi lugha kadhaa za Ulaya zinavyoonyesha cheo na ukaribu kwa kuchagua kiwakilishi. Mfaransa humwambia rafiki “tu”, na mkubwa “vous”, ambalo pia ni neno la wingi. Kirundi nacho kina njia kama hiyo: asubuhi mwenzako huambiwa “waramutse”, lakini mzee, hata akiwa peke yake, huambiwa “mwaramutse”. Kiswahili sanifu hakitumii “ninyi” kwa mtu mmoja. Heshima yetu aghalabu imo katika salamu na katika majina ya jamaa: baba, mama, shangazi, babu. Kwa hiyo mtoto atokaye Burundi akimwambia mwalimu mmoja “habari zenu”, yamkini hakukosea hesabu, bali ameileta adabu ya kwao ndani ya sarufi yetu. Kipimo cha viwakilishi peke yake kisingeiona “shikamoo” hata kidogo.

Hayo sikuyajua nilipoanza kazi ya ualimu. Asubuhi moja mwanafunzi mgeni aliniambia, “Jambo, mwalimu.” Nilimkemea mbele ya wenzake, nikamtaka arudi mlangoni asalimu upya. Baadaye mzazi wake alinieleza, kwa upole ulionitahayarisha, kwamba wao ni watu wa Uvira, na kwamba kijana alikuwa amenisalimu kwa heshima yote aliyofundishwa. Muhula ule wote hakunyoosha mkono tena darasani.