Mchwa Majumbani: Udhibiti Huanzia Kwenye Udongo

Wakazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wanaojenga kwa nguzo, miimo na kenchi za mbao, mara nyingi hugundua mchwa wakati ubao umekwisha kuliwa ndani na kubaki ganda.

Mchwa anayeonekana ukutani ni kibarua tu. Kiota kimo ardhini, alimo malkia anayetaga mayai kwa miaka mingi. Ndiyo maana kubomoa njia za udongo ukutani, au kuzimwagia oili chafu, hakumalizi tatizo. Hata kumbikumbi, kitoweo cha msimu wa mvua, ni mchwa hao hao wenye mbawa. Mbawa zilizopukutika sakafuni huashiria kiota cha jirani.

Kinga bora hufanyika kabla ya kumwaga jamvi: visiki na mizizi huondolewa, kisha udongo wa msingi hunyunyiziwa kiuatilifu. Nyumba iliyokwisha kujengwa huchimbiwa mfereji mwembamba kuizunguka, dawa ikamiminwa humo, mbali na kisima.

Kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na kitumike kwa kipimo cha lebo. Dawa ya shambani isipulizwe chumbani wanamolala watoto.